Mwanakondoo Juu ya Mlango wa Columbus

Vijana wangu wa Buffalo, na ninyi wa Columbus na Louisville mtakaosomewa haya kwenye simu, mimi naitwa Bahati. Kanisani mnaniita Papa Sifa, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Kwa miaka kumi na tisa nilichonga na kutengeneza mawe ya makanisa ya zamani, mpaka mapafu yakakataa vumbi na daktari akaniambia basi. Wengi wenu mnadhani nilikuwa fundi wa kujenga kuta. Katika nchi hii sikujenga hata ukuta mmoja. Kazi yangu ilikuwa juu ya milango.

Simameni siku moja mbele ya kanisa la zamani la mawe, muinue macho. Juu ya mlango mkubwa kuna tao, na ndani ya tao, pale juu ya kizingiti, mara nyingi kuna jiwe pana lenye umbo la nusu duara. Mimi na mwenzangu Wilondja tuliliita nusu-mwezi. Juu yake huchongwa picha: mwanakondoo aliyebeba msalaba kwa mguu mmoja wa mbele, malaika anayepigana na joka, wanyama wawili wanaokula majani ya mti mmoja.

Mtindo huo haukuzaliwa Amerika. Ulitoka Uingereza, kwenye makanisa madogo ya vijijini, ambako watu waliyachonga mawe hayo miaka mia nane, mia tisa iliyopita. Watu wengi wa wakati ule hawakujua kusoma, kwa hiyo mlango uliwasomea kabla hawajaingia. Baadaye sana wajenzi wa huku, walipotaka kanisa lao jipya lionekane la kale, walichora milango ile na kuinakili. Ndiyo maana mtu kutoka milima ya Kivu Kusini alikuja kuchonga wanyama wa Waingereza katika baridi ya Buffalo.

Haya yote nilifundishwa na Mzee Harold. Alikuwa Mwingereza, mrefu, mwenye mgongo uliopinda kwa kazi, na alikaa North Buffalo peke yake tangu mke wake afariki. Alikuwa fundi mkuu katika kampuni ndogo ya kutengeneza majengo ya zamani. Mimi niliajiriwa kubeba ndoo. Nilikuwa nimetoka kiwandani, kwenye kufunga maboksi, na nilidhani kubeba ndoo za chokaa ni kupanda cheo.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kusikiliza. Gonga jiwe kwa kifundo cha kidole. Lenye afya hulia kama sahani. Lililooza ndani hulia kama boga. Kitu cha pili ni taa. Ukilimulika jiwe la kale kwa mbele, huoni kitu, ni kipara tu. Chukua tochi, iweke ubavuni, karibu kabisa na jiwe, na uso utatoka gizani kukutazama. Mara ya kwanza nilirudi nyuma nikakanyaga ndoo yangu mwenyewe.

Mwezi wa kwanza nilisugua mdomo wa malaika kwa brashi ya waya mpaka ukaisha. Nilitaka ang'ae. Mzee Harold hakupaza sauti. Alinipa ile brashi, akaniambia nijisugue mkono. Nikakataa. Akasema sawa, basi tumeelewana, akaenda kunywa chai yake. Tangu siku hiyo nimesafisha mawe kwa maji, brashi laini na subira.

Na saruji, jamani, iogopeni saruji. Watu waliotutangulia walikuwa wakiziba nyufa za mawe ya kale kwa saruji kwa sababu ni ngumu na inakauka upesi. Maji yakiingia hayapati pa kutokea. Baridi ikija yanaganda, yanavimba, na uso wa mtakatifu unadondoka kama ganda la mkate. Chokaa ni laini, inapumua. Kinachoziba ufa lazima kiwe laini kuliko jiwe, ili kikivunjika kivunjike chenyewe.

Tulicheka pia. Kulikuwa na picha ya simba ambayo Mzee Harold alitaka tuinakili, kutoka mlango wa kanisa fulani la kijijini kwao. Simba yule alikuwa na uso wa mtu mwenye jino bovu na miguu ya mbwa. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Mzee akasema mchongaji wa zamani zile hakuwahi kumwona simba, alisimuliwa tu, basi wewe uliyetoka Afrika hebu tuambie simba yukoje. Ikabidi nikiri kwamba kwetu milimani kuna ng'ombe, ukungu na baridi, na simba wangu wa kwanza nilimwona kwenye bustani ya wanyama hapa hapa Amerika, amelala, nimemshika Sifa mkono. Mzee alicheka mpaka akatokwa machozi. Tukamchonga simba vilevile, na jino lake bovu.

Sasa niwaambie habari za Wilondja.

Alikuja kazini kwetu mwaka wangu wa tatu. Alitoka upande wa Fizi, huko huko Kivu Kusini, kwenye ziwa, na huko alikuwa akichonga vinu na viti vya mti. Kiingereza hakuwa nacho. Mimi nilikisoma kidogo kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kwa hiyo bosi wetu, aliyeitwa Dale, akasema nitakuwa mdomo wake. Kila agizo lilipitia kwangu, na kila swali lake pia.

Ndani ya mwaka mmoja Wilondja alinipita. Naliandika hili bila shida sasa. Wakati ule lilinichoma. Mimi nilipima kwa rula, nikachora, nikapima tena. Yeye alizunguka jiwe kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ngeni, halafu akaanza. Mzee Harold, ambaye hakumsifu mtu, alisimama siku moja nyuma yake kwa muda mrefu, akavua kofia, akaivaa tena, akaenda zake.

Kanisa moja la Columbus lilikuwa na nusu-mwezi iliyoliwa na mvua. Waliagiza mpya, mwanakondoo na msalaba, kwa kufuata mchoro wa mlango wa Uingereza. Mzee Harold alikuwa amestaafu tayari, macho yamepungua. Kazi akapewa Wilondja. Aliichonga miezi minne katika karakana yetu ya Buffalo. Sufu ya yule mwanakondoo ungetaka kuingiza vidole. Na uso wake haukuwa wa huzuni wala wa furaha. Ulikuwa uso wa mnyama anayesikiliza.

Jiwe tulilipeleka kwa lori siku ya Ijumaa. Jumamosi yake Sifa alikuwa anamaliza sekondari, sherehe ilikuwa Buffalo, na mvua ilikuwa inakuja. Kuinua jiwe kwa winchi kuna utaratibu. Unazungusha mikanda miwili, unaweka vipande vya mbao kwenye kona ili mkanda usiteleze, unafunga kamba ya kuongozea ili jiwe lisiyumbe, na mtu wa pili anakagua. Mtu wa pili alikuwa Wilondja, na alikuwa nyuma ya kanisa ananawa mikono bombani. Sikumngoja. Mbao nilizitafuta, sikuziona haraka, nikasema itatosha. Nikabonyeza swichi.

Jiwe lilipanda kama mita mbili vizuri kabisa. Kisha mkanda mmoja ukateleza, jiwe likainama, likayumba, likagonga bomba la chuma la jukwaa la kupandia mafundi. Kichwa cha mwanakondoo kilikatika shingoni kikaanguka kwenye nyasi.

Dale alitoka kwenye lori akikimbia. Wilondja naye alikuja, mikono bado ina maji. Alipiga magoti, akakiokota kichwa, akakipangusa udongo kwa shati lake. Dale akauliza nani kafunga mkanda. Nikainama nikaanza kukunja kamba. Akamtazama Wilondja, akaniambia nimwulize kama ni yeye aliyefunga.

Nikamgeukia ndugu yangu, nikamwambia kwa Kiswahili, "Bosi anauliza kama hili jiwe ni kazi yako."

Wilondja akainua uso. "Yes," akasema, akijipiga kifuani kwa mkono. "Yes. Mimi."

Dale akauliza, peke yake? Nikamtafsiria Wilondja kwamba bosi anauliza kama alilichonga peke yake.

"Yes," akasema tena.

Ndivyo alivyofukuzwa kazi, amekishika kichwa kile mikononi. Wilondja akaniuliza Dale amesema nini. Nikajibu, "Amesema kazi imeisha." Hata hilo lilikuwa kweli kwa namna yake. Alidhani kazi imeisha kwa wote wawili kwa sababu jiwe limevunjika. Njia nzima ya kurudi Buffalo alinifariji mimi.

Nisikilizeni hapa, ninyi mnaowatafsiria wazazi wenu hospitalini, shuleni, na kwenye ofisi za msaada. Nawajua, mmekalia viti vile tangu mkiwa na miaka minane. Mnachoka, mnakatisha, mnaruka maneno, mnamwambia mama nusu ya alichosema daktari ili mrudi nyumbani. Siwalaumu. Nawaambia tu kwamba nimeshika tindo na nyundo miaka kumi na tisa, na kitu kizito kuliko vyote nilivyowahi kuviangusha kilikuwa sentensi moja.

Kwenye sherehe ya Sifa nilipiga picha. Jumatatu Dale aliniambia nitengeneze kichwa. Cha kwanza kilikuwa kimemeguka vibaya, hakikuungika, basi nilichonga kipya. Nilitoboa shingo, nikaingiza fimbo ya chuma kisichoshika kutu, nikaunga, nikapaka chokaa yenye unga wa jiwe lilelile hadi mshono ukapotea. Jiwe likapandishwa, safari hii na mbao kila kona. Lipo pale mpaka leo. Watu hupiga picha za harusi chini yake.

Wilondja alihama Buffalo wiki chache baadaye bila kuaga. Nilisikia yuko Louisville, kwa shemeji yake, anafanya kazi ghalani, kwenye vifurushi. Nikajiambia anaendelea vizuri. Nilipandishwa nikawa fundi mkuu. Miaka ikapita, kumi na sita.

Mzee Harold alipozidiwa alipelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ile ile ambako mke wangu, Mama Sifa, alikuwa akifanya kazi ya kuwaosha na kuwalisha. Nilikuwa nikienda Jumapili baada ya ibada. Alikuwa karibu kipofu, lakini ukimwekea kipande cha jiwe mkononi alikwambia limechimbwa wapi.

Jumapili moja aliniambia habari za mlango wa kanisa la kijijini kwao. Juu yake kulikuwa na mnyama, hakuna aliyejua mnyama gani, mwenye pua ndefu iliyojitokeza nje ya jiwe. Akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa akirusha mpira wa ngozi ukutani, mpira ukaipata pua, ikaanguka. Alikimbia. Kasisi aliwauliza watoto wote, naye akasema hajui. Alipokuwa mtu mzima na ufundi wake, alirudi na patasi zake kwenye begi ili aitengeneze. Kasisi wa wakati huo alimwambia kwa upole kwamba siku hizi hawaongezi kitu kwenye mawe ya kale, yanaachwa yalivyo. Akarudi na begi lake.

"Ilikaa pale miaka mia nane," alisema, "ikapita kwenye vita na baridi, ikanisubiri mimi."

Nikamwuliza kama kuna mtu aliyeadhibiwa kwa ajili ya jambo lile. Akasema hakuna, nani aadhibiwe, ni pua ya mnyama tu. Na alikuwa analia, mzee wa miaka themanini na kitu, machozi yanaingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. Nilitoka nikasimama kwenye korido.

Alifariki wiki ile. Baada ya mazishi nilimwambia Mama Sifa yote, tukiwa chumbani anakunja nguo. Kumbukeni kwamba tulikuwa tumeishi na jambo lile kitanda kimoja, na yeye hajui. Hakuacha kukunja. Alipomaliza shati la mwisho aliniuliza kitu kimoja: Wilondja anakaa wapi siku hizi? Kesho yake akapata namba kwa akina mama wa kanisa la Louisville.

Niliendesha gari kwa muda wa saa tisa. Njia inapita Columbus. Sikusimama.

Anakaa mtaa wa Iroquois, hapo Louisville, karibu na bustani ile kubwa yenye kilima, kwenye nyumba za ghorofa mbili. Nasema anakaa, ulimi haujazoea. Alifariki mwaka uleule kabla ya theluji ya kwanza, figo. Siku niliyofika alikuwa akienda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba mishipa. Aliishi na binti yake, Esperance, aliyekuwa muuguzi. Mke wake alikuwa ametangulia.

Alinifungulia mlango mwenyewe. "Bon," akasema, kwa Kifaransa tunachochanganya kwetu. "Ukae."

Maneno niliyoyapanga njia nzima yalitoka mbio. Nikasema, "Ni mimi nilifunga ule mkanda. Dale aliuliza kama ni wewe. Mimi nikakuuliza kitu kingine."

"Najua," akasema. "Barua ilikuja."

Sikuwa najua habari za barua. Akanieleza taratibu, bila hasira, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Kampuni ilimtumia barua ya kufukuzwa, kwa Kiingereza. Mke wake hakujua kusoma Kiingereza, yeye pia, basi Esperance, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, akawasomea mezani. Ilisema amefukuzwa kwa uzembe, kwa kufunga mzigo vibaya, na kwamba amekiri mwenyewe mbele ya mkalimani wake. Hapo ndipo alipoelewa Dale aliuliza nini siku ile. Alimwambia binti yake si kweli. Mtoto akamjibu kwamba imeandikwa. Shuleni walimfundisha kwamba kilichoandikwa rasmi ni kweli, na baba yake alikuwa mtu asiyejua hata kusoma barua yake. Tangu hapo, baba akimwambia awe mwangalifu, avae vizuri, asome kwa makini, binti alikuwa akimtazama tu. Wilondja alisema ule utazamaji ndio uliomchosha, kuliko ghala.

Nikamwuliza kama alichonga tena. Akasema tindo zake alizitumia kufungulia makopo ya rangi, halafu zikapotea.

"Nilienda kuiona," akasema. "Ile kondoo. Tulipita Columbus kwa harusi moja, nikaomba dereva asimame. Donc, masikio umeweka juu sana."

"Ni kweli," nikasema.

"Lakini shingo ulifanya muzuri. Haionekane."

Ningefurahi kama angenipiga. Nilishuka kwenye kiti, nikapiga magoti kwenye zulia lake, nikamwomba msamaha kama tunavyoombana kwetu, kwa mikono miwili. Akaniambia niinuke, magoti yangu ni ya mzee. Akasema yeye alishanikabidhi kwa Mungu zamani, asingeweza kunibeba mimi na figo zote mbili. Kisha akainua kichwa, akasikiliza. Funguo zilikuwa zinalia mlangoni. Esperance alikuwa anarudi kazini.

"Si mimi unatafuta," Wilondja akasema. "Umwambie yeye. Na useme Kiingereza, sababu Kiswahili yetu yeye anajibu na Kiingereza tu, miaka yote. Atasema hakusikia."

Aliingia na sare yake ya hospitali, mwanamke mrefu, mwenye uso wa baba yake. Alinisalimu kwa heshima, kwa Kiingereza. Hakunikumbuka. Nikamwambia jina langu, kwamba mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, akaweka mkoba chini polepole.

Nikasimama mbele ya mtoto niliyemzidi miaka arobaini, nikasema yote. Kiingereza changu kilikuwa cha kazi, cha kamba na ndoo na kesho saa moja. Sikuwa na maneno ya jambo hili. Nilisema nilifunga mimi. Nilisema niliogopa. Nilisema bosi aliuliza hivi, nami nikauliza hivi, na baba yako alijibu ukweli kwa swali nililompa. Niliposhindwa neno nilionyesha kwa mikono, jinsi mkanda ulivyozunguka, mahali ambapo mbao zilipaswa kukaa.  

Wilondja alikuwa amekaa Amerika muda mrefu. Kiingereza cha namna ile alikisikia vizuri, na mikono yangu aliiona. Lakini hakunitazama mimi. Alimgeukia binti yake, akamwuliza kama mtu asiyejua lugha.

"Amesema nini?"

Esperance alikaa chini kando yake, na sare yake, na viatu. Alichukua muda kuyatafuta maneno ya Kiswahili, maana hakuwa ameyatumia tangu utotoni, na alipoyapata yalitoka moja moja.

"Amesema haikuwa wewe, papa."